Nimeachiwa picha ya Descartes, je ni ya kweli na niisafishe vipi?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania naishi Leiden, Uholanzi, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani. Mzee mmoja niliyekaa naye miaka minne alifariki mwezi uliopita na watoto wake wamenipa picha iliyokuwa ukutani kwake, wanasema baba aliacha ameandika nipewe mimi. Ni picha nyeusi na nyeupe ya mwanaume mwenye nywele ndefu, masharubu na kola kubwa nyeupe. Chini kuna jina RENATVS DESCARTES na Kilatini kingi, nimeona Natus Hagae Turonum na 1596, Denatus Holmiae na 1650, alafu F. Hals pinxit, J. Suyderhoef sculpsit, P. Goos excudit. Jirani anasema ni mchoro wa mkono wa Frans Hals mwenyewe wa mwaka 1650 na huyo mtu kazaliwa Den Haag, eti nimeukata. Rafiki yangu anasema ni kopi tu haina lolote. Karatasi imekuwa njano, kuna mstari wa kahawia umezunguka pembeni, madoadoa kama kutu, na kona moja ina selotepu kwa nyuma. Nimeona video mtu anasafisha kwa Jik na maji, mwingine kwa mkate. Nataka niisafishe, niweke fremu mpya, mwezi wa kumi na mbili niipeleke kwa mama Tanga. Je ni original? Na nisafishe vipi?"*

Marahaba dada yangu, na pole sana kwa msiba. Miaka minne ya kumwamsha mtu, kumlisha na kusikiliza hadithi zake zile zile, hata kama hamna damu moja huyo ashakuwa mzee wako. Kwa hiyo nakuomba kama mdogo wangu, hiyo Jik irudishe chooni na huo mkate unywee chai. Usiiguse picha na kitu chochote chenye maji, wala kifutio, wala wipes, mpaka umalize kusoma hapa.

Nimelisoma swali lako mara mbili tatu na naona una wasiwasi wa aina mbili umechanganyika. Kuna wa kutaka kujua umeachiwa nini, kitu cha maana au takataka iliyotiwa fremu, na kuna wa aibu ya kumpelekea mama kitu chenye madoa. Huo wa pili ndo unaokukimbiza, nakuelewa, Desemba siyo mbali. Lakini huo wa kwanza ndo unatakiwa utangulie, kwa sababu karatasi ya zamani ushahidi wake wote uko kwenye vitu ambavyo mtu akisafisha ndo vinaondoka: alama ya kubanwa, wino uliosimama, maandishi ya penseli nyuma, hata huo uchafu wenyewe. Isome kwanza, kusafisha kutafuata kama kutakuwa na haja.

Huyo bwana kwanza unamjua. Jina lake la Kilatini lingine ni Cartesius, na ukikumbuka zile grafu za sekondari za mhimili wa x na mhimili wa y zilizotutoa jasho, zinaitwa za Cartesian kwa ajili yake. Ni René Descartes, Mfaransa, mtu wa hesabu na falsafa, yule wa "nafikiri, kwa hiyo nipo". Na kwamba picha yake umeipata Leiden wala siyo ajabu, maana sehemu kubwa ya utu uzima wake aliishi Uholanzi, kile kitabu chake kikubwa cha mwaka 1637 kilichapwa hapo hapo Leiden, na miaka ya 1641 hadi 1643 alikaa kwenye jumba la Endegeest pale Oegstgeest, kwa baiskeli ni karibu tu na unapokaa.

Sasa jirani. Namwelewa alikotoka ila amepotea njia sehemu tatu, na zote zinapatikana kwenye hayo maandishi ya chini. Hagae Turonum siyo Den Haag. Ni kijiji kilichoitwa La Haye, mkoa wa Touraine, Ufaransa. Shida ni kwamba Wafaransa na Den Haag wanaiita La Haye, kwa hiyo hata Wazungu wenyewe wanajichanganya, lakini hilo neno Turonum ndo linakuambia ni ile ya Touraine. Kijiji chenyewe siku hizi kimebadilishwa jina kinaitwa Descartes, ukitaka kitafute kwenye ramani ya simu. Holmiae ni Stockholm. Mwaka 1649 malkia Christina wa Sweden alimwita akamfundishe falsafa, akaenda, akakutana na baridi la kule, na Februari 1650 akafariki. Natus ni amezaliwa, denatus ni amefariki. Kwa hiyo hiyo 1650 unayoiona siyo tarehe ya picha, ni tarehe ya kifo. Inachotuambia ni kwamba maneno hayo yalichongwa mtu akiwa ameshafariki, basi. Yangeweza kuchongwa mwaka ule ule, na karatasi uliyonayo ingeweza kuchapwa miaka mingi baadaye, nitakueleza kwa nini.

Hayo maneno matatu ya pembeni nayo watu wengi huyaona kama saini. Siyo saini. Ni kama ile orodha ya majina mwishoni mwa filamu, kila mtu anatajwa na kazi yake. Pinxit maana yake alipaka rangi, yaani picha ya asili ya rangi alichora Frans Hals, mchoraji wa Haarlem. Sculpsit maana yake alichonga, na mchongaji ni Jonas Suyderhoef, naye wa Haarlem, alichonga picha nyingi sana za Hals. Excudit ndo mchapishaji, mwenye kutoa hela na kuuza, hapo ni Pieter Goos wa Amsterdam ambaye anajulikana zaidi kwa ramani za baharini za mabaharia. Kwa hiyo Hals hiyo karatasi yako wala hakuigusa. Picha yake ya rangi ipo, ni kibao kidogo mno, kama sentimita 19 kwa 14, kidogo kuliko daftari la shule, kipo makumbusho ya taifa ya sanaa Copenhagen. Ile kubwa ya Louvre ambayo iko kwenye kila kitabu cha falsafa, kwa muda mrefu watu waliamini ni ya Hals, siku hizi inahesabika kuwa ni kopi iliyofuata kazi ya Hals. Ona sasa, hata Louvre wana kopi na hakuna anayeitupa.

Hapo ndo nakuja kwa rafiki yako aliyesema kopi tu. Naye kakosea, ila kwa upande mwingine. Neno original kwa picha ya chapa halifanyi kazi kama kwenye picha ya rangi. Hakuna ile moja ya kweli na nyingine zote za bandia. Kuna bamba la shaba, na kila karatasi iliyobanwa juu ya lile bamba ni chapa halisi, ziwe hamsini ziwe mia tano. Swali zuri la kuuliza ni hili: karatasi yangu ilitoka kwenye bamba lile lile la Suyderhoef, au ni picha ya picha, yaani mtu alikuja baadaye akaipiga kwa kamera au akaichonga upya? Na kama ilitoka kwenye bamba lile, ilitoka mapema bamba likiwa bado kali, au mwishoni limechoka?

Ili uweze kuona hiyo tofauti mwenyewe lazima ujue ilivyotengenezwa, na hapa nivumilie kidogo maana ndo sehemu ninayoipenda. Mchongaji anachukua bamba la shaba nyekundu lililosuguliwa likawa kama kioo, anashika kipatasi chembamba cha chuma chenye ncha kali ya pembe, mpini wake unakaa kwenye kiganja, anakisukuma mbele, hakivuti kama kalamu. Akitaka kukunja mstari anazungusha bamba juu ya mto mdogo wa ngozi, mkono wenyewe unabaki pale pale. Shaba inatoka kama uzi. Akikandamiza kidogo mfereji unakuwa mwembamba, akizidisha unapanuka, akiachia unaishia kwa ncha. Wewe umekulia Tanga, mihuri ya ofisini unaijua, sehemu iliyoinuka ndo inashika wino. Huku ni kinyume chake. Wino unapakwa bamba zima alafu unafutwa, juu panabaki safi na wino unabaki ndani ya mifereji peke yake, kama masizi yanavyobaki kwenye mikunjo ya kiganja ukishanawa haraka haraka. Kisha karatasi iliyoloweshwa unyevu kidogo inalazwa juu, na blanketi za sufi juu yake, vinapitishwa kati ya magogo mawili yanayozunguka. Mashine ya juisi ya miwa, ndo hiyo hiyo. Karatasi inasukumwa mpaka ndani ya mifereji inakwenda kunyonya wino, ikitoka mistari imesimama juu ya karatasi kidogo, unaweza kuihisi kwa kidole (usiiguse lakini, nakuambia tu), na ukingo wa bamba unaacha alama ya kuzama pande zote nne.

Hakuna kijivu hapo. Mashine inajua wino na pasipo wino tu. Lile joho jeusi la Descartes ni mistari iliyokatizana mara mbili mara tatu, shavu lake ni vimistari na vidoti vinavyopungua kuelekea kwenye mwanga, na ile kola nyeupe kubwa ni karatasi tupu iliyoachwa. Tena kila kitu kinachongwa kinyume, maana kwenye karatasi kinageuka, herufi zote za Kilatini lazima ziandikwe kutoka kulia kwenda kushoto kama kwenye kioo. Ukija kulinganisha picha yako na ya rangi ukakuta sura imeelekea upande mwingine usishtuke, wachongaji wengi walinakili picha ya rangi kama wanavyoiona na kwenye karatasi ikageuka.

Na shaba ni laini. Baada ya kuchapa mia kadhaa mistari myembamba inaanza kufa, ya usoni ndo inatangulia, mtu anaonekana amepauka kama mgonjwa. Mwenye bamba anafanya nini, anampa fundi airudie mistari, au anauza bamba kwa mchapishaji mwingine, naye anafuta jina la wa kwanza anaweka lake. Mabamba yalirithiwa na kuuzwa kama mashamba, mengine yalichapwa mpaka karne mbili baada ya mchongaji kuzikwa. Hizi hatua wataalamu wanazipa namba, na kwa kazi za Waholanzi kuna katalogi kubwa inaitwa Hollstein inayoziorodhesha. Ndo maana hilo jina la Goos kwako siyo dogo, linamwambia mtaalamu aanzie wapi.

Nikikutazamia kutoka huku niliko, maelezo yako yanalingana vizuri na chapa ya Suyderhoef. Ila maandishi peke yake hayatoshi, kwa sababu karne ya 19 watu walijua kupiga picha chapa za zamani na kuzihamishia kwenye bamba la shaba kwa kemikali, maandishi yote yakaja nayo, na hata alama ya bamba ikawepo. Kwa hiyo fanya hivi jioni moja ukiwa umetulia, watoto wamelala.

Safisha meza, tandika taulo jeupe, nawa mikono uikaushe kabisa (zile glavu za kitambaa za kwenye filamu sahau, zinapunguza hisia za vidole na zinanasa kwenye nyufa za karatasi). Laza fremu kifudifudi, toa misumari midogo ya nyuma taratibu. Kama picha imegandishwa kwenye ubao wa nyuma acha hapo hapo, usiibandue, na kama imeng'ang'ania kwenye kioo ndo kabisa usiguse. Kama iko huru, iache ilale ilipo uwashe tochi ya simu pembeni yake, chini kabisa karibu na meza, mwanga ulale juu ya karatasi. Utafute ule mstari wa kuzama wa bamba. Ukiuona, pima upana na urefu wa bamba kwa rula bila kuigusa karatasi, pima bamba siyo karatasi. Usipouona usikate tamaa, picha nyingi za watu maarufu zilikatwa pembezoni ili zibandikwe kwenye albamu, hasa baada ya Mwingereza mmoja anaitwa James Granger kutoa kitabu chake mwaka 1769 na watu wakaingiwa wazimu wa kukusanya nyuso, wakichana hadi vitabu vya watu.

Alafu tafuta lenzi ya kukuza mara kumi, madukani siyo ghali, utazame joho na shavu. Ukiona mistari iliyokatika safi, inanenepa na kukonda na kuishia kwa ncha, uko pazuri. Ukiona vidoti vimepangwa safu safu kama gazeti, hiyo ni chapa ya kisasa, hadithi imeishia hapo. Ukiona mistari ipo ila imelala bapa, wino kama umefifia fifia ndani na kingo zake zina chenga, shuku ile ya kamera ya karne ya 19. Mwisho karatasi yenyewe, kama iko huru, inyanyue kwa mikono miwili mbele ya dirisha. Karatasi ya enzi hizo ilitengenezwa kwa matambara ya kitani kwenye chekecheo la nyaya, ukiiweka kwenye mwanga unaona mistari mingi myembamba iliyobanana na mingine imeachana kama sentimita mbili au tatu. Karatasi laini isiyo na hiyo mistari ilianza kutumika Ulaya kuanzia miaka ya 1750, kwa hiyo ukikuta ndo hiyo, haijachapwa enzi za Suyderhoef hata kama bamba ni lake. Kinyume chake hakithibitishi kitu, karatasi ya mistari ipo mpaka leo.

Ukishapata vipimo ingia kwenye mkusanyiko wa mtandaoni wa Rijksmuseum, andika Suyderhoef na Descartes, wana picha kubwa unaweza kuzivuta mpaka ukaona unywele. Linganisha mstari kwa mstari, mikunjo ya nguo, herufi zinavyokaa. Mchongaji aliyeiga hawezi kuiga kila mstari, lazima atateleza sehemu, mara nyingi kwenye nywele.

Hela sasa, maana najua unaiwaza. Hujaukata dada, na nakuambia mapema ili usije ukalala macho. Picha za chapa za wasomi wa karne ya 17 ninazoziona zikipita minadani nyingi zinakwenda kwa makumi au mamia machache ya yuro, ikiwa chapa ya mapema, kali, pembezoni nzima, inapanda. Yenye selotepu na mstari wa kahawia inashuka. Mtu akikuambia mamilioni anakuchezea, na mtu akija mlangoni akakwambia "nakupa yuro ishirini nikuondolee uchafu" naye pia anakuchezea.

Kuna kisa kimoja nakipenda kuhusu sura ya huyu bwana. Mwaka 1649 hapo hapo Leiden, profesa wa hesabu Frans van Schooten alikuwa anatoa kitabu cha jometri cha Descartes kwa Kilatini, na alikuwa ameshachonga mwenyewe picha yake ya kuweka mbele. Descartes akamwandikia kwamba kazi ni nzuri ila ndevu na nguo hazifanani na zake hata kidogo, na kama ataitumia aondoe tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu hawapendi wapiga ramli wa nyota na hataki kuwasaidia kazi. Mwaka uliofuata kafa, Suyderhoef akachonga picha yake, na tarehe ya kuzaliwa ikawekwa hapo chini watu wote waone. Marehemu hana wa kumtetea.

Turudi kwenye madoa. Huo mstari wa kahawia uliozunguka haukutoka kwenye picha, umetoka kwenye kadibodi. Karatasi yako kama ni ya matambara ni ngumu na ina afya kuliko gazeti la mwaka jana, lakini mtu wa fremu, labda miaka sitini iliyopita, aliizungushia picha kadi ya bei rahisi ya mbao zilizosagwa yenye asidi, na pale kadi ilipokatwa dirisha asidi imevuja ikaiunguza karatasi taratibu. Ubao wa nyuma nao unafanya hivyo hivyo. Yale madoadoa ya kutu ni unyevu, ukungu mdogo mdogo na wakati mwingine chembe za chuma zilizobaki ndani ya karatasi tangu inatengenezwa. Unjano wa jumla ni uzee na mwanga. Wino wenyewe ni unga mweusi wa mkaa na mafuta ya kitani, huo hauogopi maji.

Sasa Jik inafanya nini? Inang'arisha, sikatai, kwenye video inapendeza. Lakini klorini haichagui doa, inakata nyuzi za karatasi yenyewe, na mabaki yake hayatoki kwa kusuuza kwenye beseni, yanaendelea kula ndani kwa ndani, miaka michache mbele unakuwa na karatasi nyeupe pee inayokatika kama papadi. Mkate ni mila ya zamani kweli, ila unaacha mafuta na chenga ndogo, na pale Tanga unakuwa umewaandalia wadudu futari. Selotepu ndo inanitia hofu zaidi maana najua utashawishika kuivuta. Mimi mwenyewe nikiwa bado najifunza nilichukua mashine ya kukaushia nywele nikapasha selotepu moja nikavuta, ikatoka vizuri kabisa, na ngozi ya juu ya karatasi ikatoka nayo pamoja na nusu ya sikio la askofu mmoja. Bosi wangu hakusema kitu, aliniwekea lile sikio kwenye bahasha mezani kwangu likakaa hapo mwaka mzima.

Uchaguzi ulionao kwa kweli ni mitatu. Unaweza kuiacha ilivyo na kubadilisha tu kilichoizunguka, yaani kadi mpya isiyo na asidi mbele na nyuma, kioo cha kuzuia miale ya jua au plastiki ngumu ya aina hiyo, picha isiguse kioo, na ishikiliwe kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, siyo selotepu, siyo gundi ya maji ya shule. Hii inasimamisha uharibifu usiendelee, haiondoi madoa. Kwa maoni yangu kwa picha yako hii inatosha, na madoa yenyewe ni miaka aliyokaa nayo yule mzee. Uchaguzi wa pili ni kumpelekea fundi wa kuhifadhi karatasi aitoe selotepu na kuiosha. Ndiyo, kuiosha kwa maji, usinicheke, wino wa mafuta hauyeyuki, ila wao wanatumia maji yaliyoandaliwa, wanapima kwanza, wanajua kukausha bila kuifuta ile alama ya bamba. Doa la asidi linapungua, kuisha kabisa ni nadra, na gharama inaweza kuzidi bei ya picha, muulize kabla hajaanza. Uchaguzi wa tatu ni kuiuza kama ilivyo, chafu hivyo hivyo, maana mnunuzi mzoefu anataka chafu isiyochezewa kuliko safi iliyochezewa.

Kwa fundi wa kuhifadhi karatasi nenda ana kwa ana bila kuchelewa kama utaona haya: picha imeng'ang'ania kwenye kioo, kuna ukungu wenye manyoya au harufu ya uvundo, karatasi inakatika ukiishika, au imegandishwa ubao mzima. Hayo siyo ya mezani nyumbani. Na kwa kuitambua, uko sehemu nzuri kuliko watu wengi duniani, maktaba ya chuo kikuu cha Leiden ina mkusanyiko mkubwa wa picha za chapa, waandikie barua pepe uulize kama mtu anaweza kuiangalia. Bei huwa hawasemi, hiyo waulize nyumba za mnada, nyingi zinatazama bure. Usimwachie mtu picha bila risiti.

Tanga. Hapa nitakuwa mkweli hata kama utanuna. Ukungu unaanza kuchangamka unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 au 70, na pwani yetu siku nyingi inapita hapo, bado hujaweka mende, wale wadudu wa fedha wanaokula vitabu, na mchwa. Picha iliyokaa Uholanzi miaka mia ikipanda ukuta wa nje unaonyonya mvua ya masika, miaka miwili tu utaona. Siyo kwamba haiwezekani, ila iwe ukuta wa ndani, mbali na jiko na dirisha, nyuma ya fremu kuwe na vipande vidogo vya plastiki vya kuitenga na ukuta hewa ipite, na mama mwambie aitazame nyuma kila baada ya muda kama anavyotazama magunia ya mahindi. Au fanya kitu ambacho mimi ningefanya: iskani vizuri, chapisha kopi kubwa nzuri umpelekee mama aitundike sebuleni hata kwenye jua, na ile ya kweli uiweke bapa kwenye folda isiyo na asidi, gizani, huko huko Leiden. Hata makumbusho hawaziachi chapa ukutani mwaka mzima, zinatolewa miezi michache zinarudi kwenye droo. Kama lazima isafiri, isafiri bila kioo, katikati ya kadibodi mbili ngumu, kwenye begi la mkononi siyo la kupakiwa, na uwe na karatasi iliyosainiwa na watoto wa marehemu kwamba wamekupa, usije ukaulizwa maswali uwanja wa ndege.

Nyuma ya picha, kabla fundi wa fremu hajatupa ule ubao wa zamani, piga picha kila kibandiko, kila namba, kila neno la penseli, na ubao wenyewe uutunze pembeni kwenye mfuko. Mara nyingi hapo ndo kuna jina la duka au la mwenye nayo wa kwanza. Ukipata vipimo vya bamba na picha ya tochi ya pembeni nitumie, nitakuambia ninachokiona, ila ile selotepu ya kona iache hapo ilipo.